Shingo ya Darubini

Jumamosi, 3 Agosti

Limeingia! Boksi limeingia nyumbani kwangu saa nne asubuhi, binti yangu Sindano kashika mbele, mimi nyuma, na mtaa mzima umeona. Nilihakikisha umeona. Tungeweza kukata nyuma ya karakana, ni karibu zaidi — lakini ya nini? Tumepita mbele ya duka la dawa, mbele ya kinyozi, mbele ya jirani yangu Mama Pacha aliyekuwa anaanika zile nguo zake zisizoisha. Akauliza kama ni televisheni. Nikamwambia darubini. Akauliza ya nini. Ya kutazama nyota, mpenzi, wewe endelea na soksi.

Ni darubini ya shule. Ilikuja kama zawadi, ikakaa ofisini kwa mwalimu wa sayansi wiki tano. Tano! Huyo mwalimu mimi namwita Chaki Mbili, kwa sababu anatembea na chaki mbili mfukoni mwa shati, nyeupe na ya njano, kama daktari na kalamu zake. Basi Chaki Mbili alifungua boksi, akaona vyuma, akalifunga. Watoto wa klabu ya sayansi wakiuliza, eti bado anajiandaa. Kujiandaa gani huko, mwanaume mzima na skrubu kumi? Likizo fupi imefika, kamkabidhi binti yangu boksi pamoja na kitabu cha maelekezo: kaiunge, kajifunze kila kipande, ukirudi utaeleza wenzako. Yaani mtoto wa miaka kumi na mitatu ndiye amfundishe mwalimu.

Lakini sawa. Maana tarehe 16 ni siku ya wazazi, na watakuja wageni wa ile sekondari ya sayansi ya bweni. Watachagua mtoto mmoja kutoka shule yetu. Mmoja tu. Na atakayesimama mbele yao na darubini ni wangu. Jina liko ubaoni, nimeenda kuliona mwenyewe. Namba moja, juu kabisa.

Jioni kaja Shemeji, mdogo wa mume wangu. Anabandika vioo vya simu na anajiita Injinia. (Kaka yake yuko njiani na lori, kama siku zote.) Kitabu hakukifungua. Akasema vitu hivi ni akili tu. Kile chuma kizito cha mviringo kakinyanyua mara kumi mkono wa kulia, mara kumi wa kushoto, kasema ni cha mazoezi, wamekosea kukiweka humo. Halafu kabeba bomba begani kama gogo, kachungulia upande ule mkubwa ulio wazi. Nikamwuliza, Shemeji, unaona nini? Kasema anaona jicho, kubwa sana. La kwake hilo!

Sindano alikaa sakafuni na kitabu, ukurasa wa kwanza. Hata kichwa hakuinua. Huyo ndiye wangu.


Jumapili, 4 Agosti

Leo sikushona. Sare thelathini zimelala mezani na ziendelee kulala. Nimeshinda na mwanangu chumbani ananifundisha — mimi niliyeishia darasa la saba! Anasoma Kiingereza kimoyomoyo, midomo inatikisika, halafu ananipa Kiswahili chake.

Naandika nisije nikasahau.

Bomba halina lenzi kubwa. Nilidhani lina. Chini kabisa kuna kioo kilichobonyea kidogo kama sahani. Mwanga unaingia mdomoni, unagonga kioo cha chini, unarudi juu, unakutana na kioo kidogo kilichokaa mshazari, unatupwa pembeni. Ndiyo maana jicho la kutazamia liko ubavuni, karibu na mdomo. Injinia wetu alichungulia mlangoni na dirisha liko pembeni!

Lenzi za kuweka jicho ni mbili. Yenye namba kubwa inakuza kidogo, yenye namba ndogo inakuza sana. Nikasema aliyepanga hivi alikuwa na usingizi. Sindano akasema, "Mbona uzi wako ndivyo ulivyo, Mama? Namba ikipanda uzi unakuwa mwembamba." Kweli bwana. Miaka kumi na minane nashona sijawahi kulifikiria.

Mgongoni kuna kidarubini kidogo cha kutafutia. Unalenga kwanza na hicho, maana kubwa linaona sehemu ndogo mno ya mbingu, ni kama kutafuta kitundu cha sindano gizani.

Halafu miguu mitatu, na juu ya miguu kuna shingo. Hapo ndipo kazi ilipo. Shingo ina mihimili miwili inayokatana. Dunia inazunguka, kwa hiyo nyota zinaonekana kama zinakimbia. Ukiulaza mhimili wa kwanza ufuate ule wa dunia, basi unazungusha kitasa kimoja tu, taratibu, na nyota haikutoroki. Nikasema kumbe ni kama gurudumu la cherehani, unalizungusha kwa mkono na kitambaa kinatembea chenyewe. Akanitazama vile anavyonitazama nikipatia. Nimejaa kifua hadi sasa.

Na kile chuma cha mazoezi? Ni cha mizani! Kinakaa kwenye fimbo upande wa pili wa bomba. Sindano alikisogeza, akakisogeza, akafungua vifungo vyote akaachia mikono. Havikwenda popote. Bomba huku, chuma kule, vimetulia kama watu waliopatana.

Kuna skrubu moja ndefu ya mpini, inayoinua na kushusha shingo nzima. Hiyo hajaifikia, bado kurasa mbili.

Mtaa huu una akina mama wangapi wanaojua haya? Nitajie mmoja.


Jumanne, 6 Agosti

Sare. Vifungo mia na kitu. Sindano kapandisha darubini kwenye paa la nyumba, pale pa kuanikia, saa moja jioni. Sikuweza kwenda naye. Mama Pacha alikwenda, bila kualikwa. Kashuka anacheka, kasema chombo chenu kimelewa, kimeinamisha shingo. Nikamwambia wewe kitu pekee unachokijua kikiwa kimelewa ni mumeo. Kaondoka. Afadhali.

Sindano kashuka macho yanawaka. Alianza kunieleza habari ya namba, eti sisi ni tatu na watu wa kwenye picha ni arobaini na ngapi sijui. Nikamwambia kesho mwanangu, nina tundu la kifungo mkononi.


Alhamisi, 8 Agosti

Kama si mimi leo, tungekwisha.

Sindano katoka asubuhi kwenda kuazima dira kwa rafiki yake. Naingia chumbani kufagia — nakuta darubini imeanguka shingo! Miguu imesimama lakini shingo imelala chini kabisa, karibu sawa na sakafu. Kile chuma cha mizani kinaning'inia kinakaribia kugusa mguu. Bomba limepinda upande kama mgonjwa. Nikaenda kutazama picha ya kwenye boksi: pale shingo imesimama mshazari, inapendeza, inaangalia juu. Hii ya kwetu imevunjwa.

Nani? Shemeji! Jana alipita hapa, kasema "anatazama kidogo tu". Kutazama kwake ndiko huku. Mtu huyu akigusa kijiko kinapinda.

Sikupiga kelele. Nimetoa koleo langu kwenye droo ya cherehani, lile lenye jino lililokatika. Nimeinua shingo kwa bega — nzito! — nikazungusha ile skrubu ndefu. Ikagoma. Nikaibana kwa koleo, nikaizungusha kwa nguvu za mikono miwili mpaka shingo ikasimama sawasawa na picha. Nikaongeza nusu mzunguko, kwa usalama. Sasa haitikisiki hata ukiisukuma. Nimejaribu.

Wanaume na uinjinia wao! Mshona nguo kwa dakika kumi.

Sindano sikumwambia kitu. Sitaki kumgombanisha na baba yake mdogo.


Ijumaa, 9 Agosti

Sindano kaniuliza nani ameigusa darubini. Nimesema baba yako mdogo, na mimi nimeirekebisha kidogo tu, usijali. Katazama dirishani, koleo nilikuwa nimelisahau pale. Kisha kaenda kwenye darubini, kashika ile skrubu, kajaribu, kajaribu tena. Nikamwuliza vipi? Kasema hakuna kitu, Mama.

Chakula kakiacha nusu. Nadhani ni hofu ya wageni. Nimemwambia wewe una kichwa kuliko walimu wote wa pale ukiwajumlisha, na Chaki Mbili ukimweka juu yao kama kifuniko. Kwa kawaida hucheka. Hakucheka.

Shemeji nimempigia simu nikamsema vizuri. Anaapa hakugusa. Mwongo pia!


Jumatatu, 12 Agosti

Sina hata mahali pa kuanzia.

Shule imefunguliwa. Sindano kapeleka darubini asubuhi. Saa tisa karudi na karatasi kutoka kwa Chaki Mbili, mwandiko wake wa kulala chali. Eti darubini imerudi na skrubu muhimu iliyopinda na kuharibika. Eti kwa sababu hiyo mwanafunzi husika hataonyesha darubini siku ya Ijumaa. Eti jina limebadilishwa. Na ni nani aliyewekwa? Mtoto wa mwenyekiti wa kamati ya wazazi! Yule anayedhani mwezi una betri!

Sasa naielewa yote. Wiki tano za "kujiandaa" zilikuwa hizi. Alimtuma wangu akaunge, akajifunze, akamalize kazi, ili amnyang'anye mwishoni ampe mtoto wa mkubwa. Ameiharibu yeye mwenyewe leo asubuhi kwa mikono yake ya chaki, anamsingizia mtoto. Nimemwambia Sindano kesho nakwenda. Kasema, "Mama, usiende." Nikamwambia wewe tulia. Kasema tena usiende, tafadhali. Upole wake utamponza.

Nimekaa nikakariri. Bomba, kioo cha chini, kioo cha mshazari, lenzi ya jicho, kidarubini cha kutafutia, miguu, shingo, mhimili wa kwanza, mhimili wa pili, fimbo, chuma cha mizani, vitasa. Nitamtajia kimoja kimoja usoni. Ajue anaongea na nani.

Nje kuna nusu mwezi, juu ya paa. Na darubini haipo.


Jumanne, 13 Agosti

Nimevaa kitenge changu cha heshima. Nimeingia maabara bila kubisha.

Chaki Mbili alikuwa peke yake, mikono ina mafuta meusi hadi kwenye viwiko. Darubini mezani, shingo imetolewa kwenye miguu. Nikaanza. Nikamtajia vyote, kuanzia mdomo wa bomba hadi kitasa cha mwisho. Nikamwambia mimi ni mshona nguo lakini ninajua hiki ni nini na kile ni nini, na wewe wiki tano hukujua hata pa kuweka jicho.

Hakunikatiza. Nilipomaliza kasema, "Umevijua vyote, mama. Umebakiza kimoja."

Akafuta mikono, akatoa chaki zake. Akachora ubaoni. Nyeupe kwa vinavyosimama, njano kwa vinavyozunguka — kumbe ndiyo kazi ya zile chaki. Akachora dunia, akachora mstari wa njano unaopita katikati yake, juu hadi chini. Akasema shingo ya darubini lazima ielekee sawa na mstari huu, na kwamba inategemea mtu anaishi wapi. Walio mbali sana na ikweta shingo yao husimama. Picha ya kwenye boksi imepigwa huko. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, digrii tatu. Kwetu shingo inalala. Akachora inavyolala: sambamba na sakafu, chuma kinaning'inia, bomba limepinda.

Niliijua ile picha. Niliikuta chumbani kwangu siku ya Alhamisi.

Akasema Sindano alikuwa ameiweka sawa kabisa, maana kitabu chake cha mazoezi kina tarehe na namba. Tatu. Halafu mtu akaja akadhani imeanguka. Akainyanyua, akaikaza kwa koleo mpaka skrubu ikapinda na njia zake, ile mikato ya kuzunguka, zikasagika. Kutwa nzima ya jana kaitoa kwa mafuta. Akaiweka mkononi mwangu.

Ina alama za meno. Meno matatu, pengo, meno mawili. Upande huu, na upande ule.

Chaki Mbili akasema alimwuliza Sindano mbele ya darasa ni nani aliyefanya hivi. Akasema ni yeye. Akamwuliza mara ya pili, kwa sababu hakuamini mtoto aliyeandika tatu angeweza kuikaza hadi arobaini na tano. Akasema, "Ni mimi, Mwalimu." Basi sheria ya klabu ni moja kwa wote, anayeharibu chombo hakionyeshi, asingeweza kumwacha. Alisema hivi akitazama ubao, si mimi.

Na wiki tano? Ziko mezani pale, daftari zima. Alikuwa anatafsiri kitabu cha maelekezo kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa, kila kipande na mchoro wake, ili watoto wasome wenyewe bila Kiingereza. Alimpa Sindano boksi kwa sababu, kasema, ndiye pekee aliyeuliza kama shingo ya kwenye picha itakaa hivyo hivyo na kwetu.

Nilipaswa kusema pale pale. Neno moja. Nikasema nini? Nikasema, "Skrubu hizi za siku hizi hazina maana." Nikatoka na skrubu mkobani.


Jumatano, 14 Agosti

Sikulala vizuri, basi. Nimeamka na kichwa.

Nimemsubiri Sindano arudi shule. Nimelaza skrubu mezani, na koleo pembeni yake. Kavitazama. Nikamwuliza kwa nini ulisema ni wewe?

Kavuta uzi kwenye sare moja pale mezani. Kisha kasema, "Mama, likizo nzima ulikuwa unamcheka Mwalimu. Unamcheka Baba Mdogo. Unamcheka Mama Pacha. Nikisema ni wewe, wote wangekucheka. Mimi wangenikasirikia tu."

Nimewahi kuchomwa na sindano ya cherehani ikapita ukucha hadi upande wa pili. Ilikuwa afadhali.

Nikamwambia na nafasi ya bweni je? Kasema kuna mwaka mwingine. Hakuna mwaka mwingine, anajua, yuko darasa la mwisho.

Kwa hiyo hesabu ya likizo ni hii. Mama Pacha, mtu wa soksi, kaona kwa jicho moja kwamba shingo imelala na hakugusa. Shemeji, mtu wa vioo vya simu, katazama kweli na hakugusa. Mwalimu kaiacha ndani ya boksi mpaka aielewe. Mwenye kujua, mwenye kutaja vyote kumi na mbili, ndiye aliyekwenda na koleo. Akaongeza na nusu mzunguko! Kwa usalama! Mwanamke mzima. Natamani ningekuwa mtu mwingine nimseme.


Alhamisi, 15 Agosti

Chaki Mbili kazunguka maduka yote ya vyuma, kasema Sindano. Skrubu ya njia zile hakuna. Bila skrubu shingo haisimami wala hailali, inaning'inia tu. Kesho boksi litawekwa mezani limefungwa na mtoto wa mwenyekiti atasoma maneno kwenye karatasi.

Nimeipima ile iliyopinda kwa futi yangu ya kushonea, unene na urefu. Nimekaa naitazama. Nilikuwa naijua kutoka mahali fulani. Mguu wangu ulikuwa unaijua! Nimeinama chini ya cherehani: pale meza inapokamatana na miguu yake ya chuma, kuna bolti nne za zamani. Nimefungua moja. Njia kwa njia, imeingia kwenye nati ya darubini iliyobaki kwenye skrubu kama imezaliwa humo. Urefu umezidi kidogo tu.

Haina mpini. Nimempigia Shemeji. Nilimwambia kwanza lile la kwanza, kwamba ni mimi niliyevunja na nilimsingizia. Nikadhani amekata simu. Halafu kauliza, "Kwa hiyo Injinia ni nani sasa, Shemeji?" Nimestahili. Kaja, kaipeleka kwa mchomeleaji wa karakana ya nyuma, kasimama pale hadi ikapunguzwa na kutiwa mpini. Kairudisha ikiwa bado ya moto, kaifunga kwenye kitambaa. Hakukaa hata kunywa chai, kasema asije akagusa kitu kikapinda.

Cherehani sasa inayumba nikikanyaga. Inalia ngh, ngh, ngh. Sare sita zimebaki. Nimeingiza kipande cha ubao.

Sindano hajui kesho nakwenda na neno gani. Kaniuliza nitavaa nini. Nikasema gauni la kawaida.


Ijumaa, 16 Agosti

Saa kumi na nusu. Naandika nimekaa kwenye benchi la korido ya ghorofani, nje ya ofisi ya Mwalimu Mkuu. Benchi la mbao, mguu mmoja mfupi. Daftari ni lile la vipimo vya wateja, hili lingine nimelisahau nyumbani, nitanakili.

Nilimkuta Chaki Mbili getini. Nimempa kitambaa. Kafungua, kaona skrubu, kaona mpini, kaizungusha kwenye vidole mara mbili. Kauliza imetoka wapi. Nikamwambia kwenye cherehani yangu. Halafu nikasema lile lingine, hapo hapo, watoto wanapita: alama zile ni za koleo langu, mtoto hakugusa. Nilisubiri acheke. Nilikuwa nimejiandaa kabisa kwa kicheko chake.

Hakucheka, na hilo ndilo gumu. Kasema, "Nilidhani hivyo ulipotaja vyote kasoro skrubu ile." Kasema yeye amekwisha kuandika kwa Mwalimu Mkuu, jina la mtoto mwingine limekwenda kwa wageni kwenye karatasi yenye mhuri, hawezi kulifuta kwa maneno ya getini. Niingie nikaseme mwenyewe, mbele ya Mwalimu Mkuu. Na wageni wako humo humo ofisini, wanakunywa chai.

Mbele ya wageni! Mimi, niliyepita na boksi mbele ya duka la dawa.

Naendelea. Dirisha la hapa linatazama uwanjani. Wanaiunga. Chaki Mbili kapiga magoti kwenye nyasi, Sindano anampa vipande, hata hatazami, mkono unajua. Miguu. Shingo. Skrubu yangu — imeingia! Fimbo. Chuma cha mizani. Bomba. Mwezi umeshatoka upande ule wa paa la madarasa, mweupe, mkubwa, mchana kweupe. Watu wamekaa vitini kuizunguka. Mwenyekiti wa kamati kavaa koti jeusi kwenye jua hili, mtoto wake kashika karatasi anaikariri. Namwonea huruma yule mtoto, si kosa lake. Baba yake simwonei.

Sindano anazungusha mpini. Shingo inashuka. Inashuka taratibu, arobaini, thelathini, naihesabu kutoka hapa, ishirini. Watu wameanza kunyoosheana vidole. Mama mmoja kafunika mdomo. Inashuka tu. Chuma kinaning'inia. Bomba linapinda.

Na mwenyekiti huyo! Anakuja mbio na koti lake, mikono mbele, anataka kuinyanyua. Bega kaliweka chini ya shingo, vile vile, vile vile kabisa nilivyofanya mimi, na uso ule ule wa mtu anayewaokoa wajinga. Sindano kamwambia kitu, hasikii. Chaki Mbili yuko chini ya miguu mitatu hawezi kuinuka.

Nimepiga kelele dirishani. Sijui sauti ilitoka wapi, wote wamegeuka. Nimesema: iache, ndivyo inavyolala.

Kaiachia. Kasimama pale, mikono hewani. Sindano kanitazama kutoka kule chini, halafu karudi kwenye mpini, kamalizia. Tatu. Kaweka jicho. Mkono mmoja kwenye kitasa, anakizungusha kidogo, kidogo tu, na hainui kichwa, kwa hiyo anauona mwezi, kwa hiyo haumtoroki. Karatasi bado iko mkononi mwa mtoto mwingine.

Mlango wa ofisi umefunguka. Mwalimu Mkuu kasimama na kikombe, nyuma yake sura nne za wageni zinachungulia. Anauliza ni nani aliyekuwa anapiga kelele.

Naweka kalamu chini. Nani kapiga kelele, nani kaivunja skrubu: jibu ni moja kwa maswali yote mawili, na mwanangu ameshalisema kabla yangu.